Kabla Hujasema Nyuki Wamehama

Ukisikia mfugaji analalamika kwamba nyuki wamehama na kuacha mzinga una asali, mwulize kwanza majirani zake wanalima nini na wamepiga dawa lini. Kuhama kwenyewe si ajabu. Nyuki wetu wakikosa maji, wakivamiwa na siafu au wakichoshwa na mrina asali asiye na adabu, huondoka wote na malkia wao. Kwa kuwa tumelizoea jambo hilo, hatuchunguzi. Tunasafisha mzinga, tunapaka nta mlangoni, tunasubiri kundi lingine liingie.

Nami ndivyo nilivyofuga kwa miaka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, mpaka msimu mmoja wa alizeti uliponinyang'anya zaidi ya nusu ya makundi niliyokuwa nayo. Naandika kwa ajili ya wafugaji waliopakana na mashamba, na kwa wakulima pia, maana huku kwetu mara nyingi mfugaji na mkulima ni mtu yule yule.

Mizinga yangu nimeining'iniza kwa waya kwenye migunga, nyegere asiifikie. Mingine ni ya magogo niliyoachiwa na marehemu baba, mingine ni masanduku ya viunzi niliyochongesha kwa fundi. Nyuma ni kichaka, mbele ni mashamba ya alizeti, na bondeni penye visima watu wanalima nyanya na matikiti. Kila mgeni aliyefika alipasifia, kwa kuwa maua hayakosekani. Lakini nyuki huenda kutafuta chakula hadi kilomita 3, na pengine zaidi. Maana yake nyuki wangu walikuwa wanakula kwenye mashamba ya watu ambao hata majina yao siyajui, na chochote ambacho watu hao walikuwa wakimwaga shambani kilikuwa kinaniletea hesabu mimi.

Mwaka ule funza wa vitumba walikuwa wengi. Hawa hutoboa kichwa cha alizeti na kula mbegu zikiwa changa, na mkulima akiwaona roho humruka. Watu wakakimbilia maduka ya pembejeo wakati mashamba yameshageuka njano kotekote.

Asubuhi nilipokwenda kwenye mizinga, nyasi zilizo chini ya mgunga wa kwanza zilikuwa zinacheza wakati hakuna upepo. Nikainama. Walikuwa nyuki, mamia, wengine wameshakufa, wengine wanazunguka kwa migongo kama pia. Nikaokota mmoja nikamweka kiganjani. Ulimi wote uko nje, mabawa yamepanuka kila moja na upande wake, na miguu ya nyuma bado imebeba chavua, vidonge viwili vya njano ambavyo hata havijaguswa. Huyu alitoka kazini akafika nyumbani, akaangukia mlangoni. Juu yake, kwenye tundu la mzinga, walinzi walikuwa wanakwidana na wenzao waliorudi wakitetemeka, wanawasukuma chini. Mzinga wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

Sumu utaitofautisha na mengine ukiangalia kwa utulivu, ingawa asubuhi ya namna hiyo utulivu hauji. Nyuki kibarua wakati wa maua haishi zaidi ya wiki sita hivi, kwa hiyo kundi kubwa likitupa maiti hata 100 kwa siku si la kushtua. Wakianza kuwa mamia kwa mamia, na mizinga kadhaa ikapata hali moja siku moja, hapo fikiria dawa. Siafu huacha vipande vya miili, na njia yao unaiona. Njaa nayo ukifungua mzinga utaijua: masega makavu, nyuki wamekufa vichwa vikiwa vimezama ndani ya vijumba. Sumu inakuachia ulimi uliotoka, mitetemo, ugomvi mlangoni, na asali ipo.

Nikaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji aje ashuhudie. Alikuwa na mambo yake, tukafika jua limeshakuwa kali. Chini ya mizinga palikuwa peupe. Sisimizi walishabeba, ndege wakamalizia. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akauliza, "Sasa hao marehemu wako wapi, ndugu yangu?"

Kwa sababu hiyo, alizeti zikianza kuchanua natandika kiroba cheupe chini ya mizinga michache na kukizungushia majivu. Nikipita asubuhi naona kila kitu. Simu ninayo mfukoni, napiga picha za mzinga, za kiroba, na za shamba lililo karibu likiwa limechanua. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayokutofautisha na mtu anayelalamika tu.

Niliambiwa na wenzangu nisihuzunike sana, waliobaki watazaliana. Ni kweli malkia alikuwa hai kwenye mizinga mingi, na kwa siku chache nyuki walionekana wanaendelea. Lakini fikiria hesabu ya kundi. Kibarua huchukua karibu siku 20 tangu yai hadi kutoka. Akishatoka, kwa karibu wiki tatu hufanya kazi za ndani: kulisha majana, yaani watoto wa nyuki, kujenga masega, kupokea mbochi, ule utamu wa maua. Baada ya hapo ndipo anaanza kutoka nje. Dawa inapowaua wanaotoka nje, wadogo hulazimika kutoka kabla ya umri wao, na majana hukosa wa kuwalisha na kuwatia joto. Tena waliowahi kurudi na chavua yenye dawa wameshaiweka akibani, na wanaolisha wanaendelea kuila. Baada ya wiki chache masega ya majana yalikuwa na mabaka ya vijumba vitupu na majana waliokauka. Kundi likishalegea, nondo wa nta na mende wadogo wa mzinga hawasubiri kualikwa. Makundi yaliyokuwa na nguvu kidogo yakaondoka zake, na mtu asiyeiona ile asubuhi angeapa kwamba nyuki wamehama kama kawaida yao.

Kuna dawa ambazo hata maiti hazikuachii. Watafiti wa Ufaransa mwaka 2012 walichapisha kazi ambayo waliwabandika nyuki vitambulishi vidogo mgongoni, wakawalisha dawa ya wadudu iitwayo thiamethoxam, kiasi kidogo kisichotosha kuua, wakawaachia mbali na mzinga. Wasiorudi walikuwa wengi zaidi kuliko upande wa wale ambao hawakulishwa. Wamepotea njia. Niliposimuliwa hilo na afisa nyuki nilikumbuka misimu ya nyuma ambayo mizinga yangu ilipungua nguvu kidogo kidogo bila sababu, nami nikalaumu ukame.

Afisa nyuki huyo wa wilaya alinisaidia kwa maelekezo kuliko kwa kitu kingine, na maelekezo yenyewe nayatoa hapa bure. Ukitaka nyuki wapimwe, okota waliokufa siku hiyo hiyo, wasiooza, wasiopungua 200. Usiwatie kwenye spiriti. Wafunge kwenye karatasi safi au foili, andika tarehe, saa na mahali, kisha wagandishe upesi, kwa sababu dawa nyingine huvunjika haraka. Chukua na maua au majani ya shamba unalolishuku, ufunge peke yake. Kugandisha ndiko kulikonipa tabu, maana kijijini friza iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa ya mama muuza barafu. Nilipomwonyesha nilichobeba akacheka, kisha akakunja uso. "Shemeji, watoto wa shule wananunua barafu humu. Ukitoka na sumu yako, na mimi nitoke na biashara yangu?" Alikuwa na haki. Nikaomba friza ya mtu mjini, na wakati nyuki wanafika huko sijui tena walikuwa na thamani gani kwa kipimo. Halafu nikatajiwa gharama ya maabara, ikazidi thamani ya ndoo ya asali ya lita 20. Nikaacha.

Na asali? Kwenye ile mizinga iliyokufa kulikuwa na masega yaliyojaa, na ada ya mtoto ilikuwa inadai. Sikuuza. Kwa kawaida mabaki ya dawa hujikusanya zaidi kwenye nta na chavua kuliko kwenye asali, lakini bila kipimo mimi nitamwambia nini mteja? Masega nilikata yote nikafukia, ya chavua na ya majana kabla ya mengine, na mbao nikazikwangua kabla ya kupaka nta ya mzinga salama. Mtu akikushauri uyaache masega ili kundi jipya lipate pa kuanzia, mkatalie. Pyrethroidi, jamii ya dawa zinazouzwa sana huku, hukaa ndani ya nta muda mrefu.

Sasa nije kwa majirani, ndiko nilikojifunza zaidi.

Mwanzoni nilizunguka shamba hadi shamba nikiuliza nani kapiga dawa. Nani atakujibu swali hilo, nawe umesimama na uso umevimba? Wote walisema si wao. Kijana mmoja aliniambia wazi, "Hela yangu, shamba langu. Nyuki wako nani kawaita?" Nikarudi nyumbani na hasira ya kumpiga mtu. Serikali ya kijiji ilitusikiliza, ikaandika kwenye daftari, yakaishia hapo. Kama unasubiri fidia, jiandae kuzeeka. Sijakutana na mfugaji wa huku aliyewahi kulipwa.

Mambo yalibadilika kupitia kwa mzee mmoja wa bondeni, mkulima wa matikiti. Hakuja kwa sababu ya nyuki wangu. Alikuja kwa sababu matikiti yake yalikuwa yanapukutika yakiwa madogo kama ngumi, na yaliyokua yalikuwa yamepinda. Alikuja na moja. Akalipasua kwa panga mbele yangu: upande mmoja umenenepa, wa pili umesinyaa na mbegu zake ni nyeupe, nyepesi.

"Mwanangu, wewe umekwenda semina nyingi. Hii ni mbolea au ni ugonjwa?"

"Shikamoo mzee. Dawa unapiga saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla jua halijachoma. Kwenye saa mbili, saa tatu, nimemaliza."

Ua jike la tikiti hufunguka asubuhi na kujifunga siku hiyo hiyo. Kesho halifunguki tena. Lazima nyuki walitembelee mara nyingi ndani ya saa hizo chache ili chavua ya kutosha ifike. Mzee alikuwa anapiga dawa kwenye saa zile zile ambazo tikiti lake linamhitaji nyuki. Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi kumbe najiibia."

Maneno hayo ndiyo niliyoyabeba kwenye mkutano wa kitongoji, wala si ya mizinga yangu. Mkulima hatabadili saa zake ili mimi nipate asali. Atabadili akiona tikiti, na alizeti pia, maana kichwa cha alizeti kilichotembelewa vizuri na nyuki hujaa mbegu hadi katikati. Mzee alisimama mwenyewe akasimulia. Mimi nilizungumza kidogo sana, na nadhani hilo ndilo lililosaidia.

Tuliyokubaliana yalikuwa ya kawaida mno. Funza wa alizeti apigwe kabla petali za njano hazijafunguka, wakati bado ni kitumba. Kichwa kimoja tu huchukua siku tano hadi kumi kumaliza kuchanua, na shamba zima ni zaidi, kwa hiyo ukichelewa umekwisha. Kwa mahindi, dawa ya viwavijeshi vamizi ielekezwe kwenye moyo wa mmea ukiwa mdogo. Wengi hawaamini kwamba nyuki huenda kwenye mahindi. Nendeni asubuhi mkaangalie mbelewele, wamejaa, wanachukua chavua. Ikibidi kabisa kupiga shamba lenye maua, iwe jioni baada ya saa kumi na mbili, nyuki wakiwa wamerudi. Na anayepiga atutumie ujumbe siku moja kabla.

Jambo jingine lilitoka kwa akina mama wanaochota maji: pampu zisioshewe kwenye madimbwi. Singida wakati wa kiangazi dimbwi moja linanywesha nyuki wa eneo zima. Unaweza kupiga dawa yako kwa uangalifu wote, halafu ukasuuza pampu mahali wanapokunywa. Tangu hapo nimewawekea wangu maji karibu na mizinga, kwenye karai lenye mawe na vijiti vya kutulia, nalibadili mara kwa mara. Wakishalizoea hawahangaiki na madimbwi ya watu.

Jioni nayo si dawa ya kila kitu. Kuna viuatilifu ambavyo vikikauka usiku, asubuhi hatari imepungua sana. Vingine, kama lambda-cyhalothrin, vinaendelea kuua zaidi ya siku moja. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye kopo ili ukiyaona uyatambue. Imidacloprid na thiamethoxam huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye mbochi na chavua, saa uliyopiga haibadilishi sana. Dawa ya unga ndiyo mbaya kupita zote kwa njia yake: hunata kwenye manyoya ya nyuki pamoja na chavua, akaipeleka mwenyewe kwa watoto. Na ile tabia ya walima nyanya kuchanganya dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye pampu moja ili kuokoa muda, iacheni. Baadhi ya dawa za ukungu huzidisha mara nyingi makali ya pyrethroidi kwa nyuki.

Nilikwenda pia kwenye duka la pembejeo nikaomba dawa isiyodhuru nyuki. Muuzaji akanionyesha utepe wa rangi chini ya lebo, akaniambia chukua ya kijani au ya bluu, achana na nyekundu na njano. Alisema kwa uhakika kabisa, na hata mimi ningeamini kama afisa nyuki hangenionya mapema. Rangi zile zinapima hatari kwa binadamu na wanyama wenye damu moto, nyuki hawamo. Spinosad, kwa mfano, iko kwenye kundi la hatari ndogo kwa mtu, lakini ikiwa bado mbichi juu ya ua inaua nyuki. Kwa hiyo achana na utepe, soma maandishi madogo, utafute neno nyuki. Kama lebo haina Kiswahili wala namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, rudisha kopo. Na usidanganywe na neno "asili". Pareto ni ua, na inaua nyuki vizuri tu. Mwarobaini ni mpole kwa nyuki wakubwa, lakini nao usiupige juu ya maua, majana hawaupendi.

Kufunga mizinga siku ya dawa, hapa nawaomba sana. Mwenzetu mmoja wa kikundi alipopata ujumbe aliziba milango kwa nyasi tangu alfajiri, akaenda mnadani. Kwa joto la kwetu nyuki waliofungiwa hawana hewa wala maji. Aliporudi masega yalikuwa yamelegea na kukatika, nyuki wamekufa wote chini, na dawa yenyewe ilikuwa haijapigwa kwa sababu jirani alipata msiba. Mimi nafunika mlango kwa gunia lililolowa maji, lisilobana, kwa saa chache za mwanzo tu, na sikai mbali. Kuhamisha mizinga usiku kwenda zaidi ya kilomita 3 ni salama zaidi kwa masanduku, ila uwe na watu, mavazi kamili na usafiri. Mzinga wa gogo wenye masega mazito usiuguse.

Niseme pia neno ambalo baadhi ya wafugaji hawatalipenda: si kila mzinga mtupu umekufa kwa dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa kupima manzuki 24, yaani sehemu zinazofugiwa nyuki, nchini Kenya ulikuta mabaki machache ya viuatilifu, tena kwa viwango vya chini. Utitiri wa Varroa upo, ukame upo, ukataji miti upo, na kuna urinaji wa kukwangua asali yote hadi ya akiba. Ukienda kwa mkulima na lawama ya kila kitu, siku ya lawama ya kweli hatakusikiliza.

Tangu makubaliano yale hali ni nafuu, siwezi kusema imekwisha. Ujumbe wakati mwingine unachelewa, wakati mwingine mpigaji ni kibarua wa kutoka mbali ambaye hakuwa kwenye mkutano wowote. Yule mzee wa matikiti aliniomba nimpelekee mizinga miwili pembeni ya bustani, nikapeleka, na ananipigia simu mwenyewe kabla hajashika pampu. Yule kijana wa "hela yangu, shamba langu" bado ni yule yule.

Kinachonisumbua sasa ni mbegu zinazokuja zimeshapakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu au ya buluu mkononi. Ujerumani mwaka 2008 vumbi la mbegu za mahindi zilizopakwa clothianidin liliathiri makundi ya nyuki zaidi ya 11,000 kwenye bonde la Rhine, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukazuia clothianidin, imidacloprid na thiamethoxam kutumika kwenye mashamba ya wazi. Sisi tunapanda kwa jembe na mkono, vumbi si tatizo kubwa hivyo, lakini dawa iliyo ndani ya mmea haina jioni wala asubuhi, na hakuna wa kunitumia ujumbe. Kwa hiyo nusu ya mizinga nimeisogeza ndani ya kichaka, mbali kadiri nilivyoweza na alizeti. Huko wanategemea migunga, asali ni kidogo kuliko ya zamani na safari ya kwenda kulina ni ndefu. Nusu nyingine imebaki palepale pembeni ya mashamba, na naandika kwenye daftari kila kundi linavyokwenda, niweze kulinganisha pande mbili mvua zikiisha.